Albamu iliyopoteza bei: Muziki wa Eldoret kutoka kanda hadi flashi

UKITAKA kujua muziki unauzwa bei gani jijini Eldoret, usianze na msanii. Anza na kijana aliyeketi nyuma ya kompyuta katika kibanda karibu na steji ya matatu, spika mbili zikiwa mlangoni na waya za chaja zikining'inia juu ya kichwa chake.

Utingo wa matatu inayokwenda Iten anamkabidhi flashi. Hataji jina la mwanamuziki wala la albamu. Anachotaka ni nyimbo za Kikalenjin zinazovuma wakati huu, na za injili chache za kuanzia safari asubuhi. Kijana anafungua folda, anateua faili zote kwa mpigo, ananakili. Dakika chache baadaye utingo analipa na kurudi kuita abiria.

Bei haikutegemea nani kaimba. Ilitegemea ukubwa wa flashi. Ya gigabaiti 32 inagharimu zaidi ya ile ya gigabaiti 8 kwa sababu inabeba nyimbo nyingi zaidi. Muziki hapa unapimwa kama mahindi ya gorogoro: mnunuzi anaangalia kama mkebe umejaa, haulizi yametoka shamba la nani.

Tazama skrini ile kwa makini utaona jambo jingine. Faili nyingi hazina jina la mwimbaji. Moja inaitwa "Track 03". Nyingine "Kalenjin Mix". Nyingine ina jina refu linaloanza na herufi AUD, likafuatwa na tarehe na herufi WA, alama ya sauti iliyopitia WhatsApp kabla ya kufika kibandani. Mtu aliingia studio kwa ajili ya wimbo huo, akamlipa mpiga gitaa, akawalipa waitikiaji, akamlipa mwenye kamera. Jina lake halikufika hapa.

Lakini pesa zimelipwa. Tumezoea kusikia kwamba Wakenya hawataki kulipia muziki, na si kweli. Utingo amelipa. Anayenunua bando ili atazame YouTube amelipa. Mwenye mlio wa simu wa Skiza anakatwa pesa kila siku. Kilichobadilika ni njia ambayo pesa hizo zinapitia, na katika njia nyingi kati ya hizo mwimbaji hasimami popote.

> Bei haikutegemea nani kaimba. Ilitegemea ukubwa wa flashi.

Santuri na pande zake mbili

Bonde la Ufa halikuanza jana kujua muziki wa kununuliwa. Mwaka wa 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, upande wa Kericho, akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini pamoja na gramafoni. Kabla ya redio kuenea, bidhaa ya muziki kutoka ng'ambo ilikuwa imeshajengewa hadithi na kuingizwa katika ngoma za hapa.

Santuri za enzi hiyo zilibeba takriban dakika tatu kila upande. Baadaye zikaja zile ndogo za inchi saba zilizozunguka mara 45 kwa dakika, na hizo ndizo zilizotawala soko la Kenya katika miaka ya 1960 na 1970. Msanii wa benga aliyekuwa na wimbo mrefu alilazimika kuukata: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa nyuma. Wapiga gitaa walijifunza kumaliza upande wa kwanza kwa namna ya kumfanya msikilizaji aigeuze santuri bila kusita.

Biashara hiyo haikuwa ya Nairobi peke yake. Ingawa barabara ya River Road jijini humo ndiyo iliyokuwa kitovu, Kericho kulikuwa na duka na lebo ya Chandarana iliyowarekodi wanamuziki wa magharibi mwa nchi na wa Bonde la Ufa. Hizo ndizo zama za wakongwe kama Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et, ambao sauti zao bado zinapigwa kwenye redio za Kikalenjin hadi leo.

Mara nyingi tunazungumza kana kwamba zamani watu walinunua albamu na sasa wameharibika wananunua wimbo mmoja mmoja. Sivyo ilivyokuwa. Mkenya wa kawaida alinunua santuri ndogo yenye nyimbo mbili, au wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili. Santuri kubwa ilikuwa ya mwenye nafasi, na mara nyingi ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kutoka kwenye santuri ndogo.

Albamu kama bidhaa ya mwananchi ililetwa na kanda.

Kanda ikaja na baraka na balaa

Kampuni ya Philips ilizindua kanda mwaka wa 1963. Ilipoenea Afrika Mashariki ilibadilisha hesabu yote. Kanda ya dakika sitini ilikuwa na nusu saa kila upande, hivyo ikabidi msanii awe na nyimbo nane au kumi ili aijaze. Hapo ndipo wanamuziki wa lugha za kienyeji walipoanza kuhesabu kazi zao kwa "Volume 1", "Volume 2" na kuendelea, desturi ambayo kwaya na waimbaji wa injili wameishikilia mpaka leo.

Kanda haikuhitaji kiwanda cha kukandamiza santuri. Ilihitaji mashine yenye vikasha viwili. Msanii wa kijijini aliweza kutoa albamu bila ruhusa ya kampuni ya Nairobi, na jirani yake aliweza kuinakili usiku huohuo bila ruhusa ya msanii.

Uharamia uliofuata ulikausha biashara rasmi. Kampuni kubwa za kigeni zilizokuwa na matawi Nairobi, zikiwamo PolyGram na CBS, hazikudumu. Pengo lao lilijazwa na wazalishaji wadogo, wachuuzi, na wale waliokuwa wakinakili vyumbani.

Hata hivyo kanda halisi ilikuwa na kitu kimoja cha thamani: jaketi. Kipande kile cha karatasi kilichokunjwa mara tatu kilikuwa na picha ya msanii, orodha ya nyimbo, majina ya wapiga ala, jina la studio, na chini kabisa nambari ya simu au sanduku la posta. Aliyeipenda kanda alijua pa kumpata mwenyewe amwalike harusini. Jaketi ilikuwa risiti, tangazo na cheti cha umiliki kwa wakati mmoja.

Picha zilipoongezwa

Karne mpya ilileta diski za VCD. Ziliwafaa sana wanamuziki wa Kikalenjin, kwa sababu mnunuzi sasa alipata wimbo pamoja na picha: milima ya Elgeyo, shamba la chai la Nandi, wachezaji waliovalia sare. Kass FM ilianza kutangaza mwaka wa 2005, na pamoja na redio za Kitwek na Chamgei ikazipeleka nyimbo hizo hewani. Msikilizaji alisikia wimbo asubuhi, jioni akatafuta diski yake madukani. Emmy Kosgei aliyeimba injili kwa Kikalenjin akajulikana mbali nje ya Bonde la Ufa.

Kwa miaka michache, hesabu ilieleweka. Diski moja, bei moja, msanii anajua nakala ngapi zimetoka. Bodi ya Hakimiliki nchini, KECOBO, iliyotokana na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ilitaka kila nakala halali ibandikwe stika ya kuitambulisha.

Kisha kompyuta zikaja na mashine ya kuchoma diski. Wachuuzi wakaanza kuuza DVD ya shilingi 50 yenye mchanganyiko wa nyimbo za wasanii chungu nzima, ikiwa imeunganishwa na DJ ambaye jina lake liliandikwa kwa herufi kubwa kuliko la mwimbaji yeyote. Msanii aliyekuwa akiuza nyimbo nane alijikuta akishindana na diski yenye nyimbo zake mbili bora na za wenzake thelathini, kwa bei ambayo isingemrudishia hata gharama ya jaketi.

Flashi ilimalizia kazi hiyo. Hata diski tupu haikuhitajika tena.

Hesabu ya mashabiki 3,000

Tufanye hesabu, kwa sababu malalamiko bila tarakimu hayamsaidii mtu.

Chukua msanii wa Kikalenjin wa kiwango cha kati mwenye mashabiki 3,000 wa kweli, watu ambao wangenunua albamu yake. Tuseme ina nyimbo nane na anaiuza shilingi 200. Wakinunua wote, mauzo ni shilingi 600,000. Toa gharama ya diski, usafiri na faida ya mwenye duka, bado kinabaki cha kulipa studio na kuanza kazi nyingine.

Sasa peleka albamu hiyohiyo kwenye majukwaa ya kusikiliza mtandaoni. Spotify iliingia Kenya Februari 2021 ikakuta Boomplay na Mdundo zimeshajenga makao. Majukwaa ya aina ya Spotify hayana bei ya kudumu kwa kila wimbo unaposikilizwa. Mapato ya mwezi hukusanywa pamoja, kisha hugawanywa kulingana na sehemu ya usikilizaji wa kila mmoja. Makadirio ya kimataifa yanayotajwa sana ni kati ya senti 0.3 na 0.5 za dola kila wimbo unaposikilizwa. Kwa pesa zetu ni kama senti 40 hadi 65, na katika nchi ambazo wanaolipia huduma ni wachache kiasi hicho hushuka zaidi.

Tuwe wakarimu, tuseme ni nusu shilingi. Ili kupata shilingi 600,000, nyimbo za msanii wetu zinahitaji kusikilizwa mara milioni 1.2. Gawanya kwa mashabiki wale 3,000: kila mmoja asikilize nyimbo zake mara 400, yaani albamu nzima mara hamsini, mwanzo hadi mwisho.

> Shabiki huyo anasikiliza albamu mara hamsini. Ila anaisikilizia kwenye flashi, na flashi haihesabu.

Mara hamsini si nyingi kwa mpenzi wa muziki. Dereva wa matatu ya Kapsabet hufikisha idadi hiyo kabla ya msimu wa mvua kuisha. Tatizo ni kwamba anaisikilizia mahali ambapo hakuna anayehesabu. Kusikiliza mtandaoni kunahitaji bando, mtandao usiokatika kwenye miinuko, na simu yenye nafasi. Flashi inahitaji redio ya gari tu.

Kuna kikwazo kingine kinachowaumiza wadogo kuliko wakubwa. Tangu 2024, Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12. YouTube nayo humtaka mwenye chaneli awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka kabla ya kumpa mgao wa kawaida wa matangazo. Kwa msanii wa Kiingereza au wa Bongo Fleva vizingiti hivyo ni vya wiki moja. Kwa kwaya ya kanisa la Moiben ni ukuta.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakalenjin wapatao milioni 6.36. Ni soko zuri kwa anayeuza kitu kwa bei yake. Ni soko dogo kwa anayesubiri kulipwa senti kwa kila msikilizaji. Hapo ndipo nionapo dhuluma kubwa ya mfumo huu mpya: ulibuniwa kwa lugha zenye mamia ya mamilioni ya wasikilizaji, ukaletwa kwetu bila kupunguzwa popote.

Skiza: kutoka albamu hadi kipande

Ukitazama video ya msanii yeyote wa Eldoret kwenye YouTube, utaona nambari zimepita chini ya skrini tangu mwanzo hadi mwisho. Ni misimbo ya Skiza, huduma ya Safaricom iliyoanza 2009 ambapo anayekupigia simu husikia wimbo uliouchagua badala ya mlio wa kawaida.

Mteja hukatwa shilingi moja na senti hamsini kwa siku. Kwa siku thelathini ni shilingi 45. Kwa miaka mingi wasanii walilalamika kuwa wao ndio walioambulia sehemu ndogo, hadi Bunge lilipopitisha marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki mwaka wa 2022. Sheria hiyo ilitamka kuwa mwenye kazi apate si chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5.

Rudi kwa mashabiki wetu 3,000. Wakijiandikisha wote kwa mwezi mmoja, sehemu ya msanii kabla ya kodi ni kama shilingi 70,000. Wakidumu mwaka mzima, inapita ile ya diski. Si ajabu basi kwamba wasanii wengi wanasisitiza Skiza kuliko jukwaa lolote la mtandaoni: ina bei inayojulikana na mlipaji anayejulikana.

Ila tazama kinachonunuliwa. Si albamu, wala si wimbo. Ni kipande cha kiitikio kinachosikika kabla ya mtu kupokea simu, na anayekisikia si yule aliyekilipia. Watunzi wameshaelewa hivyo na wanatunga wakilenga kipande hicho. Majukwaa ya mtandaoni nayo huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30, kwa hiyo utangulizi mrefu wa gitaa, ule uliokuwa fahari ya mpigaji, umekuwa hasara. Santuri ilimlazimisha mtunzi akate wimbo katikati, kanda ikamlazimisha atafute nyimbo kumi, na sasa anahimizwa aanze na kiitikio. Kila chombo kimeamua urefu wa wimbo kabla ya mtunzi kukaa chini.

Mgeni rasmi na nakala ya kwanza

Kuna soko moja la albamu ambalo halijafa hapa kwetu, nalo ni uzinduzi.

Msanii wa injili anapomaliza kazi hupanga hafla kanisani, hotelini au uwanjani. Humwalika mgeni rasmi, mara nyingi mbunge, mwakilishi wa wadi au mfanyabiashara. Waimbaji wenzake hutumbuiza. Kisha albamu huombewa, hufunguliwa, na mgeni rasmi hununua nakala ya kwanza kwa makumi ya maelfu ya shilingi, wakati mwingine zaidi. Wageni wengine hufuata kwa viwango vyao: elfu kumi, elfu tano, elfu moja, hadi waumini wa nyuma wanaotoa mia mbili. Diski ni ileile, nyimbo ni zilezile. Bei inafuata hadhi ya mnunuzi.

Sioni aibu katika desturi hiyo. Ni harambee, na jamii imeitumia kujenga shule na kulipa bili za hospitali. Kwa wasanii wengi siku hiyo moja hurudisha gharama yote ya studio. Kwa namna fulani ndiyo soko la haki kuliko yote, maana pesa inatoka mkononi mwa mnunuzi hadi kwa msanii watu wote wakiona.

Lakini ina gharama yake. Anayenunua nakala kwa shilingi 100,000 hakuinunua kwa ajili ya kuisikiliza, na msanii anajua hivyo. Msimu wa kampeni unapofika, deni hilo hudaiwa kwa wimbo wa kusifu. Na msanii asiyefahamiana na mbunge yeyote hana nakala ya kwanza ya kumwuzia.

Kila upande na haki yake

Vijana wa vibanda vya kunakili wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wengi wao wanalisha familia kwa kazi hiyo. Wanakumbusha kwamba wasanii wapya huwaletea nyimbo wenyewe, wakiomba ziwekwe kwenye kila flashi ili zisikike kwenye matatu, kwa kuwa wimbo usiopigwa kwenye matatu za Eldoret hauna nafasi ya kualikwa popote. Anayewaita wezi leo, wanasema, jana aliwabembeleza.

Wanachosema ni kweli, na ndicho kinachofanya jambo hili liwe gumu. Msanii asiye na jina anahitaji kunakiliwa. Mwenye jina anaumizwa na kunakiliwa. Ni mtu yuleyule, miaka mitatu tu imepita.

Baadhi ya wasanii wakubwa nchini waliamua mapema kwamba albamu ni tangazo na mapato yatafutwe kwenye tamasha. Sauti Sol walipotoa Live and Die in Afrika mwishoni mwa 2015 waliiruhusu ipakuliwe bure kwanza. Mbinu hiyo humfaa mwenye tamasha za kulipwa vizuri. Kwa anayeimba kwenye harusi za Turbo na Ziwa, ambako mara nyingi hulipwa kwa chakula na nauli, albamu ya bure ni kazi ya bure.

Wenye matatu na mabaa nao hudai kwamba wameshalipa, maana hutozwa ada ya leseni ya kupiga muziki hadharani. Pesa hizo huenda kwa vyama vya kukusanya mirabaha, na hapo ndipo uchungu wa wasanii unapozidi. Agosti 2019 wasanii kote nchini walipigwa na butwaa walipotumiwa shilingi 2,530 kila mmoja kuwa mgao wao wa mirabaha. Miaka miwili kabla ya hapo, KECOBO ilikuwa imekinyima leseni chama cha MCSK na kukipa chama kipya cha MPAKE, mvutano uliofika mahakamani. Mwenye matatu ya Eldoret analipa. Kujua kwamba pesa zake zimemfikia mwimbaji aliyepigwa kwenye matatu hiyo ni jambo lisilowezekana, kwa sababu hakuna anayeandika ni nyimbo zipi zilizopigwa.

Mayai yote kwenye flashi moja

Hasara nyingine haionekani kwenye hesabu za pesa.

Nyimbo alizorekodi Hugh Tracey zilihifadhiwa na maktaba ya muziki ya ILAM huko Afrika Kusini. Mwaka wa 2014 wahifadhi wa maktaba hiyo, kwa kushirikiana na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, walianza kuzirudisha nakala zake Bonde la Ufa. Wazee walisikia sauti za wazazi wao, na baadhi yao sauti zao wenyewe, baada ya zaidi ya miaka sitini. Iliwezekana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kushikika, chenye jina, mahali na tarehe.

Je, mwaka wa 2080 mtu atarudisha nini kutoka enzi ya flashi? Kanda za miaka ya 1990 zimeliwa na ukungu. VCD zimekwaruzika na mashine za kuzicheza hazipo madukani. Faili iitwayo "Track 03" haitamwambia mtafiti nani aliimba wala alitoka kijiji gani. Santuri za zamani za benga zinanunuliwa leo na wakusanyaji wa Ulaya kwa bei ambayo mtunzi wake hakuwahi kuiota, na hapati hata senti, ila angalau wimbo wake upo na jina lake limeandikwa katikati ya santuri.

Marekani, mwaka wa 2022, santuri ziliuzwa kwa idadi kubwa kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu 1987, wakati ambapo karibu kila mtu ana simu ya kusikilizia muziki. Watu bado wanalipia kitu wanachoweza kukishika, kikiwa na jina la wanayempenda. Sitarajii kiwanda cha santuri kijengwe Eldoret. Lakini sioni kwa nini msanii asiuze flashi yake mwenyewe, yenye nyimbo zake nane, jaketi yenye majina ya wapiga ala wote, na bei iliyoandikwa. Bei ya flashi ndogo imeshuka, na mteja wa hapa ameshaizoea. Chombo kilekile kilichomnyang'anya msanii bei kinaweza kuirudisha.

Sheria ipo, itumike

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iliweka msingi wa tozo ya fidia kwenye vifaa vya kunakilia. Ilitungwa kwa fikra za kanda tupu, ila maana yake inafikia flashi na memori kadi: sehemu ndogo ya bei ya kifaa iende kwa waliotunga kinachonakiliwa ndani yake. Ujerumani ilianza utaratibu wa aina hiyo mwaka wa 1965. Hapa kwetu kifungu hicho kimekaa miaka mingi kwenye karatasi.

Kitekelezwe. Shilingi chache juu ya kila flashi inayoingia nchini hazitamwumiza mnunuzi, wala hazitamfukuza kijana wa kibanda barabarani. Lakini zisikabidhiwe utaratibu uleule uliozalisha shilingi 2,530 kwa kila mtu. Zigawanywe kulingana na nyimbo zinazopigwa kweli, na redio za Kikalenjin zinaweza kutoa orodha za kila siku za kuanzia.

Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu nayo ina jiji, Eldoret, tangu Agosti 15, 2024. Jiji linapaswa kuwa na maktaba na kumbukumbu. Kukusanya kanda, diski na faili za wanamuziki wa eneo hili, pamoja na majina yao, hakuhitaji bajeti ya barabara. Kunahitaji chumba, kompyuta na mtu mmoja mwenye mapenzi na kazi hiyo, na wakongwe wa kumwelekeza bado wako hai.

Kwa wasanii, rai yangu ni moja: andikeni bei. Iwe kwenye flashi, kwenye ukurasa wa Facebook au mwisho wa video, pamoja na nambari ya M-Pesa. Mashabiki wengi hawajakataa kulipa. Hawajawahi kuambiwa ni kiasi gani na wamtumie nani.

Na wewe msomaji, wikendi hii ukiwa harusini au kanisani na ukasikia wimbo uliokugusa, mwulize mwimbaji kama ana albamu, inauzwa pesa ngapi, na umlipe yeye mwenyewe.